Kuaminiwa na Wazazi Huanza Kabla ya Kuulizwa

Kila likizo ya Agosti inapokaribia, vijana wa ukoo wetu huanza kunijia mmoja mmoja, kila mtu na haja yake. Mmoja anataka aruhusiwe kwenda ufuoni na wenzake siku ya Jumapili, mwingine anataka simu yake mwenyewe, na wa tatu anataka tu aweze kurudi nyumbani baada ya magharibi bila ya kuhojiwa mlangoni kana kwamba ameiba. Wananijia mimi kwa sababu kwetu Mombasa shangazi ndiye mtu wa katikati: ni dada wa baba, kwa hivyo baba humsikiliza, na si mzazi, kwa hivyo mtoto hamwogopi sana. Na kila mmoja akishaeleza haja yake humalizia kwa kauli ile ile: "Shangazi, mimi si mtoto tena, lakini hawaniamini."

Nimeisikia kauli hiyo kwa miaka mingi, kutoka kwa watoto wa kaka zangu na kutoka kwa wasichana ninaowasomesha tuisheni ya Kiswahili hapa Majengo, na nimefikia kuamini jambo moja ambalo ningependa kulieleza kwa kirefu. Wazazi hawamwamini kijana kwa kuwa amewashinda kwa hoja kwamba amekuwa mkubwa. Humwamini kwa kuwa wamezoea kupata habari zake kutoka kinywani mwake mwenyewe kabla hawajamuuliza, zikiwa njema au mbaya, na kwa kuwa kila walipozichunguza habari hizo walizikuta ni za kweli. Kufaulu mitihani, kuosha vyombo bila ya kuambiwa na kuwa na adabu mbele ya wageni ni mambo mazuri na yana nafasi yake, lakini nimewajua vijana waliokuwa nayo yote na bado mama zao hawakulala usingizi walipotoka nje.

Wapo waliolichunguza jambo hili kwa njia za kitaalamu. Mwaka 2000 watafiti wawili waliokuwa wakifanya kazi nchini Sweden, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walichapisha utafiti uliohusu vijana 703 wa umri wa miaka 14 pamoja na wazazi wao. Kwa muda mrefu wataalamu walikuwa wameshikilia kwamba kijana huepukana na matatizo pale wazazi wanapomfuatilia kwa karibu, wakamwekea masharti, wakamhoji na kuulizia habari zake kwa rafiki zake. Stattin na Kerr walipozitenganisha njia ambazo mzazi hupatia habari, walikuta kwamba sehemu kubwa ya yale ambayo wazazi walikuwa wakiyajua walikuwa wameelezwa na watoto wao kwa hiari, na kwamba kule kujieleza kwa hiari ndiko kulikoenda sambamba na mwenendo mwema kuliko ufuatiliaji wa wazazi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wao na mwenzao Kari Trost walikuwa wameandika kuhusu imani ya wazazi kwa vijana wao, wakaonyesha kwamba kuzijua shughuli za kijana za kila siku kulikuwa na uzito zaidi katika imani hiyo kuliko kuyajua makosa aliyowahi kuyafanya. Nilipolisoma hilo nilifarijika sana kwa niaba ya wale vijana wanaodhani kwamba kosa la mwaka uliopita limewafungia mlango daima.

Kabla ya kumwambia kijana afanye nini, ni haki aelezwe wazazi wake wanaogopa nini, kwa sababu wengi hudhani kwamba makatazo ya nyumbani ni ubabe tu. Mzazi wa Mombasa ana sababu zake. Amekulia Kisauni, au Majengo, au Likoni, na amewaona watu aliosoma nao wakiharibikiwa na unga wa kulevya, na baadhi yao amewasindikiza makaburini. Ameuona muguka, majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa, ukiuzwa vibandani kama peremende, hadi mwezi wa Mei 2024 serikali ya kaunti chini ya Gavana Abdulswamad Shariff Nassir ikapiga marufuku uingizaji na uuzaji wake, na muda mfupi baadaye mahakama ikalisitisha katazo hilo. Amesikia habari za magenge ya vijana wenye mapanga, na amesikia pia mama wa mmoja wa vijana hao akilia kwamba mwanawe alikuwa mtoto mpole wa madrasa. Kwa hivyo mama anapouliza, "Ulikuwa wapi, na ulikuwa na nani?" hakuulizi wewe peke yako, anauliza habari za mtaa mzima alioushuhudia kabla wewe hujazaliwa.

Kuna na ile kauli ambayo vijana huichukia kuliko zote: "Wewe nakuamini, hao wenzako ndio siwaamini." Wao huiona kuwa ni njia ya kukataa bila ya kusema hapana, lakini mimi nimekuja kuiona kuwa ina ukweli mwingi. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwachezesha watu 306 wa rika tatu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, baadhi yao wakiwa peke yao na wengine wakiwa mbele ya wenzao. Waliokuwa na wenzao walijihatarisha zaidi, na athari hiyo ilionekana zaidi kwa vijana kuliko kwa watu wazima. Kijana yule yule ambaye akiwa peke yake angesimama, akitazamwa na rafiki zake huendelea. Tena wanaoujua ubongo wanasema kwamba sehemu yake ya mbele, ambayo kazi yake ni kupima matokeo na kuizuia papara, huendelea kukomaa hadi mtu anapofikia miaka ya ishirini na kitu. Mama zetu hawakufanya utafiti wowote, lakini wameliona hilo kwa macho yao, na kijana mwenye busara hataliona kuwa ni tusi akiambiwa.

Hata hivyo sitaki kuwaegemea wazazi peke yao, kwa sababu kijana wa kwetu yuko katika hali ngumu kwelikweli. Dini yetu humhesabu kuwa mukalafu, yaani mwenye kuwajibika mwenyewe, tangu anapobaleghe: sala ni juu yake, saumu ni juu yake, na hakuna anayeweza kumbebea dhambi zake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inamhesabu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18. Katikati ya vipimo hivyo viwili amesimama msichana wa miaka 16 ambaye anafunga Ramadhani yote, anamlea mdogo wake mama akiwa kazini, anapika futari ya watu wanane, kisha anaambiwa kwamba bado ni mdogo mno kwenda kununua vitabu mjini na rafiki yake. Malalamiko yake si utovu wa adabu, na mzazi anayeyapuuza anakosea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu chake cha 5 kwamba wazazi wana haki na wajibu wa kumwongoza mtoto kwa namna inayokwenda na uwezo wake unavyokua. Uhuru, kwa maana hiyo, unatakiwa uongezeke hatua kwa hatua, usisubiri siku ya kuchukua kitambulisho ndipo utolewe wote kwa pamoja. Lakini mzazi hawezi kuujua uwezo ambao hajaonyeshwa, na hapo ndipo kijana ana kazi ya kufanya.

Kazi yenyewe huanzia kwenye mambo madogo sana. Mpwa wangu mmoja, alipokuwa Kidato cha Pili, alikuwa akitumwa na mama yake sokoni Kongowea siku za Jumamosi. Nilikuwepo siku moja aliporudi. Mama yake alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi iliyobaki ya wiki ile, mikono imejaa machicha. Msichana akatua kikapu, akatoa nyanya, vitunguu, dania, ndimu na nazi mbili, kisha akaitandaza chenji juu ya meza, noti upande mmoja na sarafu upande mwingine, akasema: "Mama, nazi zimepanda. Ulisema nichukue tatu, nikachukua mbili. Shilingi ishirini nimenunulia maji njiani, jua lilikuwa kali. Hii ndiyo iliyobaki." Mama yake hakuihesabu. Alisema tu, "Itie koponi," akaendelea kukuna nazi yake.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Chenji iliyotimia ni kitu ambacho mama yeyote angekitarajia, lakini zile shilingi ishirini za maji hakuna ambaye angeziulizia. Angeweza kusema kwamba nyanya zilikuwa ghali kidogo, na mambo yangeishia hapo. Alizitaja bila ya kulazimishwa na mtu, tena bila ya kujitetea, kama jambo la kawaida ambalo mwenye pesa anastahili kulijua. Alifanya hivyo wiki baada ya wiki. Siku alipoomba kwenda kulala kwa rafiki yake Likoni kwa ajili ya harusi ya dada wa rafiki huyo, mama yake aliuliza jina la mwenye nyumba na namba yake ya simu, akamwambia aende. Kaka yake, ambaye ni mkubwa kwake kwa miaka miwili, alishangaa kwamba yeye hujadiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kuruhusiwa kwenda hata Tononoka kutazama mpira. Mimi sikushangaa, kwa sababu kaka huyo alikuwa na desturi ya kujibu kila swali kwa neno moja, "Poa," na mzazi anayepewa neno moja huyajaza mengine yote kwa hofu zake.

Kwa wanaoishi ng'ambo, mtihani mkubwa ni feri. Sijui udhuru unaotumiwa zaidi na vijana wa Likoni na Mtongwe kuliko kusema kwamba feri ilichelewa, na ugumu wake ni kwamba feri huchelewa kweli. Chombo kimoja kikiharibika, watu wa miguu hujazana hadi barabarani, na anayetoka shule kisiwani huweza kufika kwao saa mbili nzima baada ya wakati wake. Kijana anayeutumia udhuru huo siku ambayo hapakuwa na tatizo lolote husahau kwamba kivuko ni cha watu wote, na kwamba jirani yake aliyevuka saa ile ile ataketi na baba yake msikitini baada ya isha. Baada ya hapo, hata siku feri itakapokwama kwa kweli, hataaminiwa. Mtoto wa kaka yangu mwingine alishika njia iliyo tofauti kabisa. Alikuwa akimpigia baba yake simu kutoka kwenye foleni, kabla ya saa aliyotarajiwa nyumbani: "Baba, nimefika kivukoni, feri moja imesimama, watu ni wengi. Huenda nikafika baada ya magharibi, na sala nitaisali hapa hapa." Kaka yangu aliniambia kwamba simu ya kwanza ya namna hiyo ilimtia wasiwasi, na zilizofuata zilimwondolea wasiwasi wote, kiasi kwamba siku hizi kijana akichelewa, baba huanza kufikiri habari za feri kabla ya kumfikiria mwanawe vibaya.

Tukija kwenye kuomba ruhusa, nitasema jambo ambalo najua halitapendeza: kijana hupimwa zaidi anapokataliwa kuliko anapokubaliwa. Wazazi hutazama. Anayenuna siku nzima, akabamiza mlango na kukataa chakula, anawathibitishia kwa vitendo kwamba hawakukosea kumwona mtoto. Ninayemkumbuka kwa mapenzi ni msichana mmoja kati ya wale ninaowasomesha, aliyeomba kwenda ufuo wa Pirates siku ya pili ya Idd na mama yake akakataa papo hapo. Badala ya kununa aliuliza: "Mama, ni nini hasa unachokiogopa, ili siku nyingine nikiomba nije nimejitayarisha?" Mama yake akamwambia ukweli: siku za Idd ufuo ule wa umma pale Bamburi hujaa watu hadi mtoto hupotea mbele ya macho ya wazazi wake, maji yakijaa huwa na nguvu, na matatu za jioni hugombaniwa. Msichana akanyamaza, Idd ile akaisherehekea nyumbani na binamu zake.

Ilipofika likizo iliyofuata aliomba tena, na safari hii alikuja na majibu. Wangekwenda siku ya kazi, siku ambayo hakuna umati. Dada mkubwa wa rafiki yake, ambaye ameolewa na anafahamika na mama, angekuwa pamoja nao tangu mwanzo hadi mwisho. Hawangeingia majini kupita magoti. Wangeondoka ufuoni mara baada ya alasiri, wala wasingesubiri jua lichwe, kwa kuwa hapa kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima na giza huingia upesi. Mama yake alinipigia simu kuniuliza maoni yangu, nikamwambia kwamba masharti ambayo mtoto amejiwekea mwenyewe ni makali kuliko yale ambayo mimi ningemwekea. Aliruhusiwa, akaenda, akarudi na mchanga miguuni na kachri za mihogo kwa ajili ya wadogo zake, jua likiwa bado liko juu. Kijana anayejiwekea mipaka kabla ya kuwekewa huwapumzisha wazazi wake kwa namna ambayo ahadi nyingi haziwezi.

Ramadhani ni mwezi mzuri wa kuanza kuongezewa uhuru, na nawashauri vijana na wazazi wautumie hivyo. Ni mwezi ambao mji mzima uko macho usiku, njia zina watu na taa, wanawake na wanaume wanakwenda na kurudi kwenye tarawehe, na kijana akikaa nje saa moja zaidi hayuko peke yake gizani. Wakubaliane mapema: baada ya tarawehe una nusu saa, utakuwa mahali fulani na watu fulani, kisha urudi. Mwezi ukiisha, kila mtu atakuwa ameona kwa macho yake jinsi makubaliano yalivyotunzwa.

Hapa ni lazima niseme jambo kuhusu wavulana, kwa sababu linaniuma. Katika nyumba zetu nyingi msichana huulizwa kila kitu na mvulana haulizwi chochote. Binti wa miaka 16 akichelewa dakika kumi, simu hupigwa kwa majirani, ilhali ndugu yake wa miaka 14 yuko maskani, pale vijana wanapokutana kupiga soga, hadi saa nne za usiku na hakuna anayejua amekaa na nani. Watu huita hali hiyo kumwamini mtoto wa kiume, na mimi nasema ni kumtelekeza. Wengi wa waliochukuliwa na unga katika mtaa wetu walikuwa wavulana ambao hakuna aliyewauliza. Kwa hivyo kijana wa kiume ambaye wazazi wake hawamuulizi asifurahi kupita kiasi; aanze mwenyewe kuwaeleza anakokwenda, na atashangaa kuona jinsi baba aliyedhani hajali anavyoanza kumngojea. Na binti anayeulizwa kupita kiasi ana haki ya kudai kwa heshima kwamba kipimo kiwe kimoja, na akilidai hilo mbele yangu mimi husimama upande wake.

Kuhusu simu sina maneno mengi. Mzazi anayeinyakua simu ya mwanawe na kusoma kila ujumbe atamfundisha kufuta ujumbe, na kijana anayeigeuza simu kifudifudi kila mtu anapopita atamfundisha mzazi kunyakua. Nimeona ikisaidia pale kijana mwenyewe anapoamua kuiacha simu sebuleni wakati wa kulala, na pale anapozitaja habari za rafiki zake wa mtandaoni mezani kama anavyozitaja za wale wa darasani.

Yote niliyoyasema yanamdai kijana aseme ukweli mapema, na ingekuwa dhuluma nisiwadai wazazi chochote. Kaka yangu mmoja aliwahi kujiwa na mwanawe wa miaka 15 usiku, akaambiwa kwamba mwenzake wa mpira alimletea kitu cha kuvuta, naye akakikataa. Fikirini ujasiri uliohitajika ili mtoto afungue kinywa chake. Kaka yangu, kwa mshtuko, alipandisha sauti, akataka jina la kijana yule na la baba yake, akampiga mwanawe marufuku kwenda uwanjani kwa muda usiojulikana. Mtoto alikuwa amekataa kitu kibaya, akasema ukweli, na akaadhibiwa kwa yote mawili. Kwa miezi mingi baada ya hapo hakumwambia baba yake jambo lolote la maana. Alikuwa na adabu, aliitikia salamu, alikula na kwenda kulala, na kaka yangu alidhani kwamba nyumba imetulia.

Nilipolijua jambo hilo nilikwenda kwake, nikamwambia mbele ya mkewe kwamba mtoto wake alimpa amana kubwa kuliko pesa yoyote na yeye akaitupa. Hakunijibu siku ile. Lakini baadaye alimchukua mwanawe wakatembea hadi ufuoni pa Mama Ngina, wakala mihogo wakitazama meli zikiingia bandarini, na huko akamwambia waziwazi kwamba alikosea, kwamba alipandisha sauti kwa sababu aliogopa, na kwamba siku nyingine akiambiwa jambo zito atasikiliza hadi mwisho kabla ya kusema neno. Wazazi wa kwetu huona ugumu kumwomba mtoto radhi, wakidhani kwamba heshima yao itashuka. Nimeyashuhudia matokeo yake katika nyumba ile, na heshima haikushuka hata kidogo. Kijana alirudi uwanjani kwa makubaliano mapya, na alianza tena kusema, kwanza mambo ya mpira, kisha mambo ya shule, kisha yale ambayo baba yake alikuwa akiyahitaji.

Sikusudii kusema kwamba mzazi asikasirike wala asiadhibu. Kijana aliyefanya kosa akalieleza mwenyewe anastahili kuadhibiwa ikibidi, lakini tofauti ya adhabu ya aliyejieleza na ya aliyefichuliwa na majirani lazima ionekane, tena ionekane wazi, mtoto aitambue. Kama adhabu ni ile ile, hana sababu ya kujieleza. Na kwa upande wake kijana aliyepoteza imani ya wazazi wake asiidai irudi kwa siku moja kwa sababu ameshaomba radhi. Akubali kupigiwa simu mara nyingi zaidi, akubali kuulizwa mara mbili, na asichoke kueleza hata pale anapoona kwamba hakuna anayemsikiliza, kwa kuwa wanasikiliza.

Wapo vijana watakaoyafanya haya yote na bado wazazi wao hawatalegeza kamba. Nawajua, na baadhi yao wamelia hapa kwangu. Kwao nasema wasitafute uhuru kwa mlango wa nyuma, kwa maana wataibomoa kazi yote waliyoifanya, na wasinyamaze pia. Mtafute mtu ambaye wazazi wako humsikiliza: ami, nyanya, mwalimu wa madrasa, au shangazi kama unaye. Mweleze ombi moja tu, dogo, lenye siku maalumu na saa maalumu ya kurudi, umwombe akusindikize kwenda kuzungumza nao wakati wa utulivu, baada ya chai ya alasiri kuliko usiku wakiwa wamechoka. Ukikubaliwa, ombeni siku hapo hapo ya kuketi tena nyote kabla ya likizo kwisha, ili mseme lililokwenda vizuri na lililobaki, na kama kuna jambo lililoharibika katika muda huo, wewe ndiye uwe wa kwanza kulitaja.